UZI: Saa tisa za kusubiri ndege Dulles, na makumbusho ambako ndege zilitua zisiondoke tena

#1 Msafiri wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Niliahidi nikirudi nitaeleza nilivyozitumia saa tisa za kusubiri ndege ya kuunganisha pale uwanja wa Dulles, nje kidogo ya Washington. Leo natimiza ahadi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aniwie radhi.

Saa kama hizo wengi wetu huzimalizia kwenye kiti kilicho karibu na soketi ya kuchaji simu. Safari hii nilijua kwamba kando ya uwanja uleule lipo tawi la makumbusho ya taifa ya anga ya Smithsonian. Linaitwa Steven F. Udvar-Hazy Center na lilifunguliwa Desemba 2003. Kwa teksi ni kama robo saa. Kiingilio hakuna, ila mwenye gari analipa maegesho dola 15.

Kabla sijawaingiza ndani, tumalize jambo la viza, maana naona watu wanadanganyana. Marekani huwezi kuunganisha ndege bila kupita uhamiaji. Ukifika kutoka nchi nyingine unapita, unachukua begi lako, unalivusha forodha, ndipo unalikabidhi tena kwa shirika la ndege. Na viza ya C-1 ni ya kupita tu. Ukitaka kutoka ukatalii, hata kwa saa mbili, inayotakiwa ni ya matembezi, B-2. Mimi nilikuwa nayo. Asiyekuwa nayo abaki uwanjani, asiyaharibu ya kesho kwa ajili ya picha.

Haya, twende. Ukishakaguliwa mlangoni unatembea hatua chache, mara unajikuta kwenye roshani. Chini yako imelala SR-71 Blackbird, ndege ya kijasusi ya Marekani, pua imekuelekea. Nyuma yake, katika banda la pili, unakiona Discovery, chombo kilichopeleka watu anga za juu na kuwarudisha, nacho kinakutazama. Nilishika chuma cha roshani nikakaa kimya kwa muda. Jirani yangu, mama mmoja na mtoto wake, naye alikuwa kimya hivyo hivyo.

Kosa nililowahi kulifanya kwenye makumbusho mengine ni kutaka kuona yote. Unasoma vibao ishirini, unapiga picha mia mbili, na jioni huikumbuki hata ndege moja. Kwa hiyo nilijiwekea sharti: tatu tu, na hizo nizitazame mpaka zinichoke. Nilichagua SR-71, Concorde (ile ndege ya abiria iliyoipita kasi ya sauti) na Discovery. Sababu ni moja: zote tatu zilifika Dulles kwa njia ya anga, zikatua kwenye uwanja huu huu niliokuwa nasubiria ndege yangu, na hazikuondoka tena.

Nianze na SR-71. Ukiisogelea si nyeusi kama ya kwenye picha. Ina rangi ya sufuria iliyokaa sana motoni, na mabaka. Tairi zake ni za rangi ya fedha, kwa kuwa mpira ulichanganywa na unga wa alumini ili uhimili joto. Halafu panapokutana bati na bati pana mianya. Nilichuchumaa kuitazama, na mzee mmoja anayejitolea kuelekeza wageni akaja akachuchumaa pembeni yangu.

Akanieleza kwamba mianya ile haikuwa uzembe. Ndege hii ilikwenda zaidi ya mara 3 ya kasi ya sauti, na kwa kasi hiyo mwili wake wa titani unapata moto mkali na kutanuka. Mabati yangebanwa sawasawa ardhini, angani yangejikunja. Ndiyo maana ikiwa ardhini ilidondosha mafuta. Mafuta yenyewe, JP-7, yalikuwa magumu kuwaka kiasi kwamba injini zilihitaji kemikali ya pekee ya kuyawashia. Na titani ile nyingi yake ilinunuliwa Umoja wa Kisovieti, kwa kupitia makampuni yaliyoficha mnunuzi ni nani. Ndege ya kuwachungulia Wasovieti ikajengwa kwa madini yao wenyewe.

Tarehe 6 Machi 1990, ndege hii hii iliruka kutoka Los Angeles hadi Washington kwa saa 1, dakika 4 na sekunde 20. Abiria wa kawaida leo njia hiyo anaikalia saa tano hivi. Ikatua Dulles, ikakabidhiwa makumbusho. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho.

Naendelea baadaye, nawakaribisha.

#2 Kerosini

Mkuu hapo umenigusa. Swali: kama ilikuwa inavuja, ilifikaje mbali? Nimesikia ilikuwa lazima ijazwe mafuta angani mara tu ikipaa kwa sababu ya huko kuvuja.

#3 Msafiri wa Usiku

Kerosini, nami nilikwenda na imani hiyo hiyo, na yule mzee alinisahihisha kwa upole. Kuvuja kulikuwa kidogo tu ukilinganisha na tangi lote. Ilipaa na mafuta machache ili iwe nyepesi, tairi na breki zisielemewe, na injini moja ikizima wakati wa kupaa marubani wabaki na nafasi ya kujiokoa. Ikishafika juu inaikuta ndege ya mafuta, inajazwa, ndipo inaanza safari yenyewe.

Ushauri kwa mtu yeyote anayekwenda makumbusho ya ndege popote duniani: tafuta hao wazee wa kujitolea. Wengi waliwahi kuwa marubani, mafundi au wanajeshi. Usiwaulize ndege ilikwenda kasi gani, hayo yako kwenye kibao. Waulize kitu gani kilikuwa kinaharibika mara kwa mara. Utaona uso unavyobadilika.

Sasa Concorde. Niliizunguka hadi karibu na mkia nikasoma herufi za usajili: F-BVFA. Nilikuwa nimezisoma herufi hizo tangu niko sekondari, na kuziona zimeandikwa juu ya bati halisi kulinigusa kuliko nilivyotarajia. Hii ndiyo iliyofungua safari za abiria za Air France tarehe 21 Januari 1976, kutoka Paris hadi Rio de Janeiro. Na katikati ilitua Dakar kujaza mafuta. Tumezoea kusimuliwa Concorde kama mali ya London, Paris na New York. Lakini siku ile ya kwanza, kabla New York haijaiona ikileta abiria, Afrika ilikuwa imeshaipokea.

New York yenyewe iliikatalia kwa sababu ya kelele mpaka 1977. Ndiyo maana njia ya Marekani ilianzia hapa Dulles, tarehe 24 Mei 1976. Ndege hii ndiyo iliyoifungua kwa upande wa Wafaransa. Ikarudi mara ya mwisho tarehe 12 Juni 2003, ikiwa imeruka saa 17,824, na hapo hapo ikabaki. Ukisimama chini ya tumbo lake unawaza: magurudumu haya yaliigusa barabara ile kule nje mwaka 1976, na yakaigusa tena miaka 27 baadaye.

Madirisha yake ni madogo kama kiganja. Sikuweza kuingia ndani, hapa inatazamwa kwa nje tu. Hilo lilinisikitisha.

#4 Bawa la Kushoto

Mleta uzi, wa kuingia ndani ya Concorde aende Le Bourget, kaskazini ya Paris. Ni makumbusho ya anga ya Ufaransa, ndani ya uwanja wa zamani. Wana Concorde mbili katika banda moja: ile ya majaribio iliyoruka mara ya kwanza Toulouse tarehe 2 Machi 1969, na nyingine iliyobeba abiria. Unapita ndani ya zote mbili.

Nilipoingia niliinamisha kichwa bila kuambiwa. Viti viwili huku, viwili kule, njia nyembamba katikati. Nilikuwa nadhani matajiri walikuwa wanakalia makochi. Kumbe walikuwa wananunua muda, si nafasi: saa tatu na nusu hivi Paris hadi New York.

Jambo moja ambalo halikuniacha. Concorde iliyoanguka tarehe 25 Julai 2000 iliangukia Gonesse, jirani kabisa na hapo. Marubani walikuwa wanajaribu kuifikisha Le Bourget. Walikufa watu 109 waliokuwa ndani na 4 waliokuwa chini. Nilitoka nje ya banda nikatazama upande ule, anga lilikuwa jeupe tu. Nawaomba mkienda msiishie kwenye urembo wa lile bawa.

#5 Msafiri wa Usiku

Bawa la Kushoto, ahsante sana. Umeniongezea safari nyingine.

Naingia kwenye Discovery, na hapa mniruhusu nikae kidogo, maana ndiyo iliyonimalizia muda. Nilipanga dakika ishirini. Nilikaa saa moja na nusu.

Picha zote nilizowahi kuziona zinakionyesha cheupe na kisafi. Sivyo. Walikiweka kama kilivyorudi kutoka safari yake ya mwisho, Machi 2011. Ubavuni kuna michirizi ya kahawia na kijivu inayotoka mbele kwenda nyuma, kama moshi ulioganda. Ni alama za kuingia tena kwenye hewa ya dunia. Nilisogea hadi mwisho wa uzio nikaanza kutazama kigae kimoja kimoja.

Vigae hivyo ndivyo ngozi ya chombo. Ni kama 24,000, na kila kimoja kilichongwa kwa ajili ya mahali pake, hakiingii pengine. Vyeusi vina namba ndogo zimeandikwa juu, unazisoma kwa macho ukiwa karibu. Vingine ni vyeusi ti, vingine vimefifia hadi kijivu. Niliuliza kwa nini havifanani, nikajibiwa kwamba vilivyokolea ni vipya, viliwekwa badala ya vilivyoharibika, na vilivyofifia vimekwenda na kurudi mara nyingi. Baada ya hapo sikuweza kukitazama kama kitu kimoja tena. Nilikuwa natazama viraka, na kila kiraka kina fundi aliyepiga magoti akakibandika.

Kigae chenyewe ni nyuzi za silika, madini ya kwenye mchanga, na sehemu kubwa mno ya ujazo wake ni hewa. Ndiyo siri yake: kinapitisha joto polepole sana. Kikitolewa kwenye tanuru katikati kikiwa bado chekundu, unaweza kukishika kwenye pembe kwa vidole vitupu. Lakini ukikigonga kinavunjika kama chaki. Yaani kinachohimili moto wa anga kinashindwa na kidole cha mtoto. Ndiyo maana uzio uko pale, wakuu, tuuheshimu.

Discovery kilikwenda mara 39. Aprili 1990 ndicho kilichoipeleka darubini ya Hubble anga za juu. Na lipo jambo ambalo wageni wengi wanalipita bila kulijua: Challenger, chombo mwenzake, kilipolipuka Januari 1986, aliyetumwa kwanza baada ya msiba, Septemba 1988, alikuwa Discovery. Columbia, mwenzake mwingine, kilipovunjika Februari 2003, aliyetumwa kwanza tena, Julai 2005, alikuwa Discovery. Nimeandika kana kwamba ni mtu, naona niiache hivyo. Mara zote mbili kulikuwa na watu walioingia ndani wakijua wenzao saba hawakurudi.

Aprili 2012 kililetwa Dulles kikiwa kimebebwa mgongoni mwa Boeing 747. Kilipita juu ya jiji kwanza, watu wakakiaga.

#6 Kumbukumbu

Mkuu, nimesoma yote kwa makini na sijasikia neno moja kuhusu Enola Gay. Iko makumbusho hayo hayo. Au uliipita? Ndege iliyodondosha bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 haiwezi kurukwa tu kwa sababu haimo kwenye orodha ya tatu. Tukienda makumbusho kushangaa mitambo tu, tunakuwa tumewasahau waliokuwa chini yake.

#7 Msafiri wa Usiku

Kumbukumbu, una haki ya kuuliza, na nitakujibu kwa moyo wote.

Sikuipita. Nilisimama mbele yake, na kilichonitatiza ni kwamba inang'aa. Baada ya kutoka kwenye Discovery yenye makovu, unakutana na ndege ya alumini iliyosuguliwa hadi unaiona sura yako. Hakuna kovu. Nilihisi kama nimedanganywa.

Baadaye nilielewa inang'aa kwa sababu gani. Baada ya vita iliachwa nje miaka mingi, ndege wa porini wakajenga viota ndani yake, watu wakanyofoa vipande vya kumbukumbu. Kazi ya kuirudisha ilianza 1984 na ikala kama saa 300,000 za mafundi. Kwa hiyo ule mng'ao si wa 1945, ni wa mikono ya mafundi wale. Naiheshimu kazi yao. Ila kibao nilichokisoma mbele yake kilikuwa kinaeleza ndege zaidi ya kueleza Hiroshima. Mji huo unakadiria watu takriban 140,000 walikuwa wamekufa kufikia mwisho wa 1945. Makumbusho yalipofunguliwa Desemba 2003, walionusurika walisafiri kutoka Japani kuja kupinga jambo hilo hilo, mbele ya ndege hiyo hiyo.

Msimamo wangu: ndege ibaki, ionekane, na idadi ya waliokufa iandikwe kwa herufi kubwa kama zile za urefu wa mabawa. Sioni sababu ya mgeni kuijua nguvu ya injini kabla ya kuijua hiyo.

#8 Kumbukumbu

Nimekuelewa ndugu yangu, na hilo la herufi kubwa naliunga mkono. Endelea.

#9 Bi Safari

Habari zenu. Mimi nilikuwa sijui kama kuna watu wanapenda mambo haya kwa kiasi hiki, nimefurahi.

Si lazima mtu avuke bahari. Germiston, Afrika Kusini, ndani ya uwanja wa Rand, kuna makumbusho ya South African Airways. Wana Boeing 747 ya kawaida inayoitwa Lebombo, iliyotua hapo 2004 kwenye barabara fupi ambayo haikujengwa kwa ajili ya ndege kubwa kiasi kile. Na wana 747SP inayoitwa Maluti. SP ni fupi, imepunguzwa zaidi ya mita 14, imekaa kama imenenepa.

Ufupi wake una historia yetu ndani. Kuanzia 1963 nchi nyingi za Afrika zilianza kulifungia shirika lile anga lao kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Ndege za kwenda Ulaya zikawa zinazunguka juu ya bahari, kuukwepa mgongo wote wa Afrika Magharibi, na kutua kisiwa cha Sal huko Cape Verde kujaza mafuta. Ndipo wakanunua SP, nyepesi zaidi, iende mbali bila kutua. Nilipopanda ngazi zake nilikuwa nafikiria hilo tu: mataifa machanga, mengine hayana hata ndege tano, yamesema hapana, na ikabidi ndege inunuliwe kwa ajili ya kulizunguka neno hilo.

#10 Msafiri wa Usiku

Bi Safari, shikamoo. Mchango wako ndio bora kuliko wote humu, na nasema hivyo mimi mwenye uzi.

#11 Kerosini

Wakuu, mimi nitapita Dulles mwezi ujao na nina saa saba, nikiwa na mwanangu wa miaka minane. Viza ya matembezi tunayo. Saa zinatosha?

#12 Msafiri wa Usiku

Zinatosha, lakini piga hesabu kuanzia mwisho. Ondoa saa tatu za kuwahi ndege yako ya pili na kupita ukaguzi. Ondoa uhamiaji na begi mwanzoni, ambayo siku mbaya inakula saa moja na nusu. Ondoa barabara kwenda na kurudi. Zinabaki kama saa mbili. Wanafungua saa 4 asubuhi na kufunga saa 11 na nusu jioni, basi ukitua usiku sahau. Begi likabidhi kwa shirika mara tu baada ya forodha, usiende nalo. Basi la umma la Fairfax Connector lipo, ila kwa saa saba ningechukua teksi.

Kwa mtoto wa miaka minane, anza na Discovery akiwa bado na nguvu. Mwambie atafute kigae cheusi kuliko vyote, halafu kilichofifia kuliko vyote. Kisha mpandishe juu, kwenye njia inayotazama chini kwenye karakana. Utawaona mafundi wakiwa kazini kupitia kioo. Nilimkuta mmoja ameinamia bawa, anaondoa rangi ya zamani kwa kijiti kidogo. Nilikaa kama dakika kumi, akawa amesafisha eneo la ukubwa wa sarafu.

Mnara wa kutazamia uache wa mwisho. Unapanda kwa lifti, ukumbi wa juu una vioo pande zote, na barabara za kurukia za Dulles ziko mbele yako. Nilifika pale miguu imechoka, nikategemea kioo nikatazama ndege zikishuka moja baada ya nyingine kwenye mstari. Mtoto mmoja alikuwa anazihesabu kwa sauti.

Jioni yake nilikuwa kiti cha dirishani. Tulipokuwa tunapaa niliutafuta ule mnara, nikauona kwa sekunde chache, na lile paa refu la duara pembeni yake. Kisha bawa likainuka likauficha.